Sahihi ya Mkwe

Jumanne, 6 Februari 2024

Bapuji, baba yangu, amefariki. Alfajiri ya leo. Nimeambiwa saa tatu, tena na fundi Mwinyimvua, si na Alpesh, ndugu yangu wa tumbo moja. Fundi anashona kwenye baraza la duka letu — duka lao — tangu mimi niko darasa la tano. Akaniita jina langu kwenye simu, Ila, akasema mama, kaa kwanza. Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia sema tu, fundi, mimi nishazoea kusimama.

Alpesh hajapiga. Miaka ishirini na saba hajapiga simu, leo angeanzia wapi.

Uji umefurika jiko zima. Sijalia. Mara ya mwisho baba yangu kuniona alivuka akapita upande wa pili wa mtaa, na mwavuli wake. Mtu analiliaje hapo?

Nimemtumia mume wangu Seifu meseji, yuko Mchikichini kwenye viatu vyake vya mtumba. Hakujibu. Amekuja mwenyewe, mbio, hata meza hajafunika. Nimeshangaa.

Jumatano, 7 Februari

Kwetu wanawake hawaendi kuchoma maiti. Nimekwenda. Sina sari nyeupe, nimejitanda shuka la kitandani, lile jipya lenye pindo. Fundi aliliona, akatazama pembeni, Mungu ambariki.

Nimesimama nje ya geti. Seifu akaingia na wanaume. Nilijua Alpesh atamtoa. Hakumtoa, aligeuza uso tu. Moshi ukatoka kidogo sana. Nilitegemea mwingi. Bapuji alikuwa mtu mrefu.

Seifu ametoka macho mekundu, kamasi zinamshuka. Nikamuuliza, ni moshi? Akasema ni moshi. Moshi gani, na mimi nauona unaelekea barabarani? Bapuji alimwita "yule" miaka yote hiyo, sasa anamlilia nini?

Mwaka tisini na saba, siku niliyofunga ndoa na Seifu, Bapuji aliingia bafuni akaoga kuanzia kichwani, kama tunavyooga tukitoka kuchoma maiti. Ba, mama yangu, ndiye aliyenisimulia. Akatoka, akavaa nguo safi, akasema nilikuwa na watoto wawili, nimebaki na mmoja. Leo nimerudi nyumbani nikaoga hivyohivyo. Tumelipana.

Hapana. Hatujalipana. Nimelia bafuni mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Jumapili, 18 Februari

Siku ya kumi na tatu, siku ya kumwachia marehemu aende zake. Rinkal, mke wa Alpesh, alimtuma fundi aniambie: Ila anaweza kuja, peke yake. Nimekwenda peke yangu.

Ngazi za mbao zilezile. Ya tatu bado inalia. Miaka yote hii nilikuwa naishia chini, barazani. Leo nimepanda kwa sababu mwenye nyumba kafa. Alpesh na familia yake wanakaa Upanga. Huku juu Bapuji alikuwa peke yake tangu Ba alipokufa.

Sikuangalia watu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni. Msumari upo. Ba alikuwa anafunga kamba pale, ananishushia kikapu. Kila Ijumaa saa nane, Bapuji akiwa amelala baada ya chakula. Ndani thepla, zile chapati za uwatu, zimefungwa gazetini, bado za moto, na siku nyingine kigauni cha mwanangu Zena. Mimi napokea, fundi anajifanya anashona. Hatukusemeshana hata siku moja, tungesikika. Naona mikono yake tu. Miaka kumi na miwili. Mpaka Ijumaa moja mwaka 2009 kikapu hakikushuka, na mimi nikasimama pale hadi saa kumi kama mjinga.

Rinkal akanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Sawa. Halafu Janki, binti yao, miaka kumi na tisa, sijawahi hata kumwona kwa karibu. Akaja mbele ya wote akainama akanigusa miguu, kama tunavyowagusa wakubwa zetu. Akasema, Foi. Foi ni shangazi. Nikavua miwani nikawa naifuta, naifuta tu.

Tulipomaliza kula akapanda fundi Mwinyimvua. Zaidi ya miaka arobaini anashona chini ya nyumba ile, hajawahi kufika juu. Kavua kandambili mlangoni, kashika bahasha kwa mikono miwili. Akasema mzee alimwachia mwaka jana, akamwambia ikifika siku ya kumi na tatu mpe Alpesh aisome, wote wakiwepo.

Alpesh akasoma. Karatasi moja, ya kitabu cha risiti za duka, mwandiko wa Bapuji, kwa Kiswahili. Fundi alieleza, mzee alisema anayesaini lazima aelewe anachosaini. Nimeyashika yote kichwani, hayakuwa mengi: Mimi Mansukhlal, akili zangu timamu. Duka na vilivyomo ni vya Alpesh, ndiye aliyelibeba. Ghorofa ya juu ni ya Ila. Asisimame tena chini ya dirisha.

Alijua. Kila Ijumaa saa nane alikuwa amelala macho, anasikia kamba inashuka.

Sijui nilitoa sauti gani. Rinkal alinishika bega. Alpesh akaendelea: shahidi wa kwanza, Mwinyimvua, fundi. Halafu akanyamaza. Janki akaichukua karatasi mkononi mwake, akamalizia: shahidi wa pili, Seifu Mgeni, jamai.

Jamai ni mkwe. Mume wa binti. Bapuji aliliandika kwa mkono wake. Watu wote wakanigeukia mimi, na mimi sikujua lolote. Wallahi sikujua.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemuuliza asubuhi, kabla hajaweka sukari kwenye chai. Uliiona wapi karatasi ya baba yangu? Akaweka kijiko chini. Akasema, Ila, nilimwahidi.

Miaka miwili! Kila Alhamisi. Bapuji alitembea kutoka dukani mpaka Mchikichini, na fimbo, akasimama mbele ya meza ya Seifu. Miguu imevimba, hakuna kiatu kinachoingia. Akauliza kama muuzaji ana namba kumi ya mguu mpana. Hakumwita jina. Seifu naye hakusema kitu, akapiga magoti akamvisha. Hakikuenea. Akamwambia rudi Alhamisi mzee, nitakipanua. Akarudi. Akawa anarudi. Anakaa kwenye kigoda, Seifu anamlegezea kamba, anamkanda kidogo nyayo, wanakula chakula alichokuja nacho Bapuji, anaondoka. Wanaongea nini? Seifu anasema viatu. Na mvua. Na Zena, anaendeleaje na unesi huko Morogoro.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema mzee alimwomba asiniambie. "Atakuja, atalia, na mimi sitajua la kumwambia." Kila Alhamisi Seifu alifikiri labda wiki ijayo atauliza mwenyewe. Hakuuliza.

Baba yangu alikuwa dakika ishirini kutoka hapa nilipo. Na huyu mwanaume anarudi jioni, ananiomba chai, ananiambia leo biashara ngumu. Miaka ishirini na saba natamani kuigusa ile miguu mara moja tu. Yeye kaishika kila wiki.

Simwongeleshi. Chai yake nimeimwaga.

Jumamosi, 2 Machi

Bado simwongeleshi. Ameleta papai, kalimenya, kaliacha mezani limefunikwa. Nimelila alipotoka.

Jumatatu, 11 Machi

Karatasi ya mahakama imefika. Alpesh anapinga. Si wosia wote. Anapinga mstari wangu tu.

Nilitegemea aseme mzee alichanganyikiwa. Wala. Anasema hivi: kisheria shahidi wa wosia hatakiwi kufaidika nao, yeye wala mke wake. Shahidi wa pili ni Seifu Mgeni, mume halali wa Ila. Kwa hiyo alichoachiwa Ila ni batili, kinarudi kwa mrithi mwingine.

Nimeisoma mara tatu. Mume halali. Ndugu yangu, ambaye harusi yangu aliiita uhuni, ambaye hajawahi kulitaja jina la Seifu, leo ameandika mume halali na kupigiwa muhuri. Nikacheka peke yangu jikoni. Miaka ishirini na saba, ndiyo nimeolewa leo.

Halafu nikaacha kucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kwa wakili. Anaitwa Vicky, binti mdogo tu, ofisi iko juu ya duka la vipuri, mtaa wa Msimbazi. Feni inapiga kelele. Nikamuuliza, ni kweli hiyo sheria? Kweli. Hata kama baba mwenyewe alitaka? Hata kama alitaka, mama. Akisaini mume, cha mke kinakufa. Wosia uliobaki unasimama, cha kwako tu ndicho kinakufa. Baba yako angempitishia wakili yeyote karatasi ile, angeambiwa.

Bapuji kumwona wakili? Alisema mawakili ni watu wa kuuza karatasi. Ndiyo haya sasa.

Halafu Vicky akauliza cheti cha ndoa kiko wapi. Nikamwambia hatuna. Tulifunga ndoa ya msikitini, Ilala. Nilitamka shahada, nikapewa jina la Mwanaidi ambalo hata Seifu mwenyewe halitumii. Sheikh amefariki, mashahidi wote wawili wamefariki, na cheti kilikwenda na maji tulipokuwa tunakaa bondeni, mwaka ule mafuriko yalipofika mpaka kwenye kabati.

Akazungusha peni. Akasema taratibu: mimi siwezi kukwambia useme uongo, sitakwambia. Nakueleza tu mahakama itauliza nini. Itauliza Seifu ni nani wako. Alpesh ndiye anayesema ni mume, basi athibitishe yeye, na karatasi hana. Wewe ukisema ni mume, kesi imekwisha siku hiyohiyo. Ukisema ni mtu mliyekuwa mnaishi naye tu — patakuwa na mvutano, wataleta majirani, lakini kuna nafasi.

Mtu mliyekuwa mnaishi naye tu. Nimetembea mpaka nyumbani kwa mguu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekaa na fundi barazani. Kafunga, midomo imemkauka, lakini cherehani haisimami. Nikamwambia nieleze siku ile vizuri.

Anasema Bapuji aliandika pale kaunta, Alpesh yuko bandarini kutoa mzigo. Akaleta karatasi, fundi akasaini. Akasema bado mmoja. Fundi akamwambia mwite Anuari wa duka la pili, huyo hapo anakunywa kahawa. Bapuji akakataa. "Anuari ni jirani. Mimi nina jamai." Akachukua fimbo, akamwambia fundi twende wote, na jua lile la saa sita, hadi Mchikichini. Akamwekea Seifu karatasi juu ya boksi la viatu. Seifu alisita, akasema mzee mimi nisaini kama nani? Bapuji akamnyang'anya peni, akaandika lile neno yeye mwenyewe mbele ya jina. Akasema, haya, saini.

Fundi anasema Seifu alifuta mikono kwenye suruali mara mbili ndipo akasaini.

Kwa hiyo ilikuwa ndiyo heshima yake kwetu. Alikaa miaka yote akitafuta namna ya kumwita mkwe bila kuomba radhi, akaipata, na hiyohiyo ndiyo imeninyang'anya nyumba. Anuari alikuwa pale! Anakunywa kahawa!

Nimelia barazani, watu wanapita na marobota vichwani. Fundi akasimamisha cherehani. Hajawahi kuisimamisha kwa ajili yangu hata enzi za kikapu.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda dukani mwenyewe. Alpesh alikuwa peke yake, anapima kitenge kwa mkono, kutoka puani mpaka kidoleni, kama Bapuji. Amekuwa na mvi. Nilimwacha ana miaka ishirini na moja, masharubu hayajakaa sawa.

Sikumsalimu. Nikasema, unataka kuivunja. Akasema kila mtu anajenga, Ila, angalia juu. Kweli, pande zote tatu ni maghorofa, nyumba yetu iko chini pale kama mtu aliyekaa kitako. Akasema mbao zinaoza, mwaka ujao itaanguka yenyewe. Nikasema niache mimi nianguke nayo.

Akatupa kitenge kaunta. Nilidhani atanifukuza. Akasema — sauti ya chini, ndiyo ilinitisha — mimi nilibaki. Wewe ulikwenda na mapenzi yako, mimi nilibaki. Nilitaka kusoma uhandisi, nani angekaa dukani? Mimi nilimwosha. Mimi nilimbeba kwenye hizo ngazi. Kila Alhamisi aliniambia anakwenda hekaluni, na Rinkal anamfungia chakula cha kutoa sadaka. Miaka miwili! Kumbe anakwenda kuvishwa viatu na...

Hakulisema neno lolote, si yule, si mume.

Chakula kile Seifu ndiye aliyekuwa anakila. Dengu za Rinkal. Nilikumbuka jinsi alivyosema za mzee zina limau. Sikumwambia Alpesh.

Akasema, hakuniomba hata niwe shahidi. Mimi niliyekuwa naye kila siku. Machozi yanamjaa. Na mimi nikafikiri, angekuomba, duka ndilo lingekwenda, mdogo wangu, sheria ni ileile. Amekuachia duka kwa kukusahau. Nilitaka kumwambia. Nilitaka pia kumshika kichwa, kama alipokuwa mdogo ana homa. Akaingia mteja, akauliza bei ya doti ya khanga, Alpesh akajifuta na mkono wa shati, akaanza kutaja bei.

Nimeondoka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Zena yuko nyumbani. Pilau limeiva vizuri, nashukuru. Mimi na Seifu tunaongea mbele ya mtoto: nipe chumvi, funga mlango. Zena si mjinga.

Nimemweleza yote tukiwa tunaosha vyombo. Alicheka kwanza, akasema mama, mahakama za Bongo jamani, yaani babu kawaoza halafu kawafukuza. Baadaye akawa anaisugua sufuria moja, ileile. Akaniuliza, ukisema hivyo mimi nitakuwa nani? Nikaendelea kufuta sahani. Akasema haraka, lakini chukua nyumba mama, ni ya bibi, mimi sijali. Kaisugua sufuria mpaka imeng'aa.

Anajali. Nimemzaa, namjua.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua siku ya nne. Seifu hakwenda sokoni, hakuna anayenunua viatu kwenye tope. Alikaa mlangoni anashona soli. Akasema bila kuinua kichwa, Ila, sema mimi si mume wako.

Nikaendelea kupepeta mchele.

Akasema nishaitwa yule miaka mingi, siku moja zaidi haitaniua. Wewe ulisimama chini ya dirisha lile na mimba ya Zena, mimi nimekushikia mwavuli kwenye kona. Nenda ukakae humo. Mimi nitakuja jioni nikupigie mluzi, unishushie kikapu.

Alitaka nicheke. Nikamwambia na wewe usingesaini! Maneno ya kwanza ya kweli tangu Februari, tena ya kumpigia kelele. Ungesema hapana mzee, mwite mwingine! Akaweka kiatu chini. Akasema, baba yako ananiita jamai mbele ya soko zima. Ningesemaje hapana?

Nikakaa karibu naye mlangoni. Baadaye nikamuuliza, miguu yake ilikuwaje. Akanieleza. Kidole kidogo cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Kisigino kimepasuka. Ngozi laini mno pale juu, kama ya mtoto. Na kovu la msumari, la tangu ujana. Nikamwambia endelea. Alieleza mpaka nikaijua yote.

Jumatatu, 6 Mei

Ni kesho. Vicky amepiga. Amesema nivae vizuri, nijibu kifupi, na mimi na mzee tusikae benchi moja. Mzee yupi? Seifu. Hata yeye hajui amwite nani.

Nimetoka kununua viberiti nikajikuta Kariakoo, chini ya dirisha. Limefungwa. Fundi alikuwa keshafunika cherehani. Nimetazama juu kwa muda. Nikisema si mume wangu, nalifungua lile dirisha kwa mkono wangu, na msumari wa Ba unabaki pale ulipo. Nikisema ni mume wangu, kabla ya mwisho wa mwaka watalivunja na nyundo. Na chochote nitakachosema, Bapuji atakuwa ameandika kitu bure.

Jumanne, 7 Mei

Naandika mahakamani, kwenye baraza, daftari magotini. Mvua kubwa.

Niliitwa saa nne na nusu. Wakili wa Alpesh ni mzee mwenye adabu, kaniuliza jina, umri, ninapokaa. Alpesh kakaa mbele na Janki. Seifu benchi la mwisho kabisa, ukutani, kofia mkononi. Tangu asubuhi hajanisogelea. Tulishuka kwenye bajaji moja, akanipisha nitangulie, akangoja nje mpaka niingie. Anafanya kama alivyoambiwa, tena vizuri mno. Nilikuwa namwona anavyotazama dari ili asinitazame mimi.

Kisha lile swali. "Shahidi, unamfahamu Seifu Mgeni?" Namfahamu. "Ni nani wako?"

Nikafungua mdomo. Mvua ikamwagika juu ya bati pale pale, hakuna aliyemsikia mwenzake, hakimu akawa anaonesha kwa mikono tutoke, tungoje ipungue. Hata sijui kama nilisema kitu. Karani hakuandika.

Sasa tuko huku nje wote, sisi na wao, baraza moja. Alpesh hatua tano kutoka hapa. Janki amenitabasamia, baba yake kamwona, hakumkataza. Vicky amekaa katikati yangu na ngazi. Seifu kule mwisho, anarushiwa maji na upepo, hasogei.

Ukanda wa kiatu changu umekatika. Tope la asubuhi. Nilikuwa nakikokota tu, nikidhani hakuna anayeona. Seifu ameona. Amemtazama Vicky. Amekitazama kiatu. Amekuja.

Amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, suruali yake ya Idi. Katoa sindano na uzi mfukoni, hatembei bila hivyo. Kauchukua mguu wangu kauweka juu ya paja lake, kaufuta tope kwa kiganja, taratibu, kila kidole. Anashona kiatu kikiwa mguuni, haniangalii usoni. Vicky amekohoa. Amekohoa tena. Ananiambia kwa chini, mama, toa mguu.

Alpesh amesimama. Amegeuka kabisa, anatazama ile mikono. Ndiyo mara ya kwanza anaona Bapuji alikuwa anafanyiwa nini kila Alhamisi. Amefunika mdomo.

Mvua inapungua. Mlango umefunguliwa, karani ameniita kwa jina lote, anauliza kama niko tayari. Vicky anasema toa mguu, Ila, wanaona.

Sijautoa. Nimemwambia karani asubiri kidogo, bado mshono mmoja.